Madoa ya Mtoto wa Paa

Doornfontein, Johannesburg
2 Machi 1998

Mdogo wangu Happyness,

Barua yako ya Krismasi imenifikia Februari, imekunjamana kama mtu mnene aliikalia njia nzima kutoka Morogoro. Sisi tu wazima. Nomsa anarefuka. Kiswahili anakisikia vizuri, ila akijibu anajibu Kizulu, na baba yake anacheka badala ya kumkemea. Ezekieli bado hajapata kazi ya maana. Wapigania uhuru wenzake aliokaa nao kambi ya Mazimbu, hapo kwetu Morogoro, miaka ile ya ukimbizi, wengine sasa ni wakubwa serikalini, wanaendeshwa na madereva. Yeye anavaa suti kila asubuhi, anakwenda kukaa kwenye korido za ofisi zao, anarudi jioni na ahadi. Hilo tuliache.

Mimi nimepata kazi. Usimwambie Mama Mkubwa mpaka umalize kusoma, maana ataitangaza kanisani kabla hajajua anatangaza nini.

Kazi yenyewe inanuka, na sitanii. Fikiria choo cha shule wakati wa kiangazi, halafu mtu amwage humo machicha ya pombe. Ndiyo harufu inayonipokea mlangoni. Mwenye kazi ni mama wa Kijapani anaitwa Bi Kazuko. Mume wake aliletwa hapa na kampuni ya magari, akafia hapa, naye hakurudi kwao. Amepanga banda nyuma ya fundi makochi, hapa Doornfontein, na ndani ameweka mapipa ya rangi ya nili. Si ile nili tunayotia kwenye nguo nyeupe. Hii ni majani ya mmea yaliyovundikwa huko kwao mpaka yakawa kama mboji, yanakuja kwa marobota. Yanalowekwa kwenye maji ya majivu, yanatiwa pumba za ngano, kisha yanaachwa yachache. Pipa likichacha sawasawa linafanya povu la zambarau, na hapo ndipo uvundo unapokuingia mpaka kwenye meno.

Siku ya kwanza alifunua pipa, akachovya kidole, akakilamba. Mbele yangu, mama mtu mzima, nadhifu, nywele zimebanwa. Akanitazama.

"Na wewe," akasema. Kiingereza chake ni kifupi kama changu.

Nikauliza kwa nini.

"Pipa halisemi. Ulimi unasema."

Nilichovya, nikaweka ulimini, nikakimbilia nje kutema kwenye mtaro. Nilitema mpaka koo likawasha. Fundi makochi alikuwa anacheka na wafanyakazi wake. Niliporudi Bi Kazuko alikuwa anakoroga pipa kwa mti mrefu kana kwamba hakuna kilichotokea. Akasema tu, "Kesho tena."

Nilikwenda nyumbani nimeapa sirudi. Ezekieli akanusa mikono yangu, akahamia upande wa pili wa meza. Nadhani ni kwa ajili hiyo nilirudi.

Dada yako,
Hedwiga


Morogoro
6 Aprili 1998

Dada Hedwiga,

Nimeisoma barua yako mbele ya Mama Mkubwa, nimeruka mahali pa kulamba. Hata hivyo amesema umerogwa.

Mimi nilipoisoma peke yangu nilikwenda kusukutua mdomo. Miaka yote hii tumejua wewe ndiye mwenye kinyaa katika familia, ambaye ulikuwa hunywi maji kwenye kikombe cha mwenzio. Leo unalamba uoza wa watu. Mimi na batiki zangu moshi wa nta unaniumiza macho, lakini angalau sijawahi kuonja sufuria.

Niambie basi mnafanyaje michoro. Sisi tunapaka nta ya moto, rangi inakataa pale penye nta, kisha tunaichemsha itoke. Nyie mnatumia nini? Au ni kulamba tu?

Biashara ipo, si mbaya. Watalii wanataka twiga. Nimechora twiga mpaka nawaota. Mwezi wa tatu mvua ilikuwa kubwa, mlimani maporomoko, lakini kwetu salama. Nilipita makaburini Kola wakati wa Kwaresima, nikang'oa majani kwenye kaburi la mtoto wako. Msalaba umeanza kuliwa na mchwa kwa chini, ila umesimama.

Msalimie shemeji. Mwambie kazi itapatikana.

Mdogo wako,
Happyness


Doornfontein
14 Juni 1998

Mdogo wangu,

Asante kwa kumtazamia mtoto. Nilipoisoma hiyo sentensi nilitoka nje kidogo.

Sasa nikujibu kuhusu michoro. Hatutumii nta. Kuna wakati tunapaka uji mzito wa unga wa mchele na pumba, tunaupitisha kwenye karatasi iliyokatwa maua, ukikauka rangi haipiti. Uji huo nao ukilala siku mbili unanuka kama matapishi ya mtoto mchanga. Lakini kazi yangu mimi ni ile wanayoiita shibori, ya kufunga. Unabana kitambaa kwa ncha ya ukucha, kipande kidogo kama punje ya mtama, unakizungushia uzi, unakaza, unahamia kingine. Kitambaa kinajaa vinundu kama ngozi ya mgonjwa wa ndui. Kibaya kukitazama, kinasisimua mwili. Unakizamisha, unakitoa, kinatoka kijani cha nyongo, kisha hewa inakigeuza buluu ukiwa unakitazama. Unarudia mpaka buluu iwe nzito. Mwisho unakata nyuzi, unavuta pembe mbili, na vinundu vyote vinafunguka kwa mpigo, mchirizo wa sauti kama mvua inaanza. Kila palipofungwa pana kiduara cheupe chenye nukta katikati.

Bi Kazuko anasema mchoro huo kwao una jina la madoa ya mtoto wa paa. Kweli kabisa. Ni yale madoa ya mgongoni.

Nimefunga kitambaa kizima peke yangu, urefu wa kanga tatu zilizounganishwa. Nilianza joto la mwisho wa Machi, nimemaliza wakati huu wa baridi, na pipa tumelifunika mablanketi kama mgonjwa wa malaria, maana likipoa linakufa. Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nimefurahi. Tangu tuje nchi hii sijawahi kukaa mahali nikasahau kuwa mimi ni mgeni. Kwenye kile kitambaa nilisahau. Nilikuwa nafunga huku nacheka peke yangu, namfikiria Nomsa alivyokuwa anatambaa, nafikiria mambo ya kipuuzi. Ule uvundo siku hizi siusikii, na nikiusikia naujua ukoje, kama unavyojua harufu ya nyumba ya bibi.

Ezekieli alikuja kunichukua Ijumaa, akakiona kimetandazwa. Alikizunguka mara mbili. Kisha akaanza kuuliza maswali mengi, kila doa linachukua muda gani, nafikiria nini nikifunga. Sikuzoea mume wangu kuniuliza ninafikiria nini. Sasa anamjua mtu mwenye ukumbi wa sanaa kule kaskazini mwa mji, wanataka kukitundika kwenye maonyesho. Bi Kazuko amekubali. Mimi naona aibu kidogo, lakini naona raha pia.

Dada yako,
Hedwiga


Morogoro
20 Julai 1998

Dada yangu,

Tumefurahi sana. Mama Mkubwa sasa amesahau habari ya kurogwa, anasema alijua tangu zamani una mikono.

Kuna jambo jema linakuja kwako, lakini nimeahidi kunyamaza. Usimuulize shemeji, atajua nimetoboa. Nasema hivi tu: nilikuwa namwona kama mtu aliyesahau mambo ya huku kwetu, kumbe hajasahau. Aliniandikia barua ndefu ya heshima. Nilimlilia kidogo nikiisoma. Utakapoliona jambo lenyewe utanikumbuka.

Nitumie picha ya kitambaa ukiwa umesimama mbele yake. Vaa kitu kizuri. Na mikono iweke nyuma, bila shaka imekuwa buluu mpaka kwenye viwiko.

Happyness


Doornfontein
7 Septemba 1998

Happyness,

Nataka unijibu swali moja kabla hujanisalimu. Nani alipiga picha ya kaburi la mwanangu?

Usiseme hujui. Ndoo yako ya njano ya kutilia rangi iko pembeni mwa picha, na mpini wake umefungwa kamba kama ulivyoufunga mwaka ule tulipoondoka. Nimeiona ikiwa kubwa kuliko mimi, kwa sababu hiyo picha imekuzwa ikawa kama mlango, imetundikwa ukutani, watu wanaitazama huku wanakunywa mvinyo.

Nitakueleza vizuri ili ujue ulichofanya.

Tulikwenda Alhamisi jioni. Nilivaa gauni la kijani. Ezekieli alikuwa ametangulia tangu mchana. Nilipoingia niliona kwanza kitambaa changu, kimetundikwa vizuri, taa zinakipiga, na kwa dakika moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Johannesburg. Halafu nikaona kilicho kando yake. Ule udongo mwekundu. Ule msalaba umeinama. OBADIA, kwa maandishi ya baba yetu mdogo, ile D aliyoikosea. Chini yake kibao cha maneno ya Kiingereza. Nilimwomba Nomsa anisomee kwa sababu macho yangu yaligoma. Mtoto akanisomea. Kwamba huyu ni mama aliyezika mwanawe ugenini, eti Morogoro kwetu ni ugenini, wakati wa mapambano. Kwamba kila doa ni chozi. Kwamba amefunga machozi elfu na elfu kwa mkono wake, bila kusema neno, ndipo apone.

Nomsa akaniuliza, "Mama, nilikuwa na kaka?"

Sikuwa nimemwambia. Nilingoja akue. Amemsoma ukutani.

Kisha Ezekieli akasimama kuhutubia. Unajua sauti yake. Siku hizi hapa kila ukiwasha redio kuna mtu anasimulia mbele ya tume machungu yake ya miaka ya ubaguzi, na watu wana haki ya kusimulia, waliumizwa. Lakini yeye alijua mahali pa kunyamaza. Alijua mahali pa kukata sauti. Alisema jina la mtoto, akainamisha kichwa, akahesabu moyoni, nakuapia alihesabu, kisha akainua uso. Watu wakafuta macho. Mama mmoja wa Kizungu, manukato yamemjaa kama amemwagiwa, akaushika mkono wangu, akaugeuza, akabusu kiganja. Midomo yake ilikuwa na maji. Nilihisi kama konokono amepita juu ya ngozi yangu. Nilitoka nikatapika kwenye chungu cha maua cha mlangoni, gauni likachafuka.

Bi Kazuko alinifuata. Akanipa leso. Akauliza, "Hayo ni kweli?"

"Mtoto ni kweli."

"Na madoa?"

"Madoa ni ya paa," nikamwambia.

Alirudi ndani, akavua viatu, akavipanga kando ya ukuta, akapanda juu ya kiti katikati ya wageni wote na kuanza kutoa pini. Mwenye ukumbi akaja mbio anasema kitambaa kimeshanunuliwa. Bi Kazuko akaendelea. Mimi nilishika upande wa chini. Ezekieli akaninong'oneza kwa Kiswahili, meno yamebanana, anatabasamu kwa ajili ya watu, "Hedwiga, usinitie aibu." Yeye, ananiambia mimi aibu.

Tulikikunja tukaondoka nacho. Picha ilibaki.

Tangu siku hiyo siwezi kula alichogusa Ezekieli. Akikohoa chumba cha pili mwili unanisisimka. Ninaosha vikombe mara mbili.

Sasa nijibu. Umewapa mwanangu kwa nini?

Hedwiga


Morogoro
28 Septemba 1998

Dada Hedwiga,

Nimekaa na barua yako siku nyingi, kila nikianza kuandika naichana.

Aliniambia ni kwa ajili ya jiwe. Haya ndiyo maneno yake, ninayo hapa: "Nataka kumwekea mwanangu jiwe la marumaru, mafundi wanataka kuona mahali palivyo, usimwambie dada yako, nataka alione likiwa tayari." Ungekuwa mimi ungefanya nini? Shemeji ambaye hakuwepo siku tulipozika, ambaye alikuwa porini na wenzake huko Angola, miaka kumi na moja baadaye anakumbuka jiwe. Nilimwamini. Nilimwita mpiga picha wa mjini, nikafagia, nikavaa gauni la kanisani ingawa sikuwemo kwenye picha. Ndoo niliibeba kwa ajili ya kumwagilia yale maua. Nilifanya kwa upendo, na sasa ninaonekana nimeuza maiti.

Usiniandikie tena hivyo. Nilimbeba Obadia kabla baba yake hajamwona. Nilikuwepo homa ilipompanda. Wewe ulikuwa umezimia, mimi ndiye niliyemvika sanda.

Ezekieli amemwandikia pia Baba Mdogo. Wazee wamekaa. Wamesema picha ni picha tu, mtu hafi kwa picha, na mwanamke anayetaka kumwacha mumewe kwa sababu ya kibao cha maneno hajapata kuonekana. Baba Mdogo amefurahi kwamba maandishi yake yametazamwa na Wazungu. Nilitoka nje nisije nikasema neno la kuvunja ukoo.

Kitu kingine. Ameniandikia mimi tena. Anataka picha nyingine, za karibu zaidi. Maonyesho yatapelekwa Ulaya. Barua ya jiwe ilikuwa kurasa nne. Hii ni nusu ukurasa, na jiwe halimo.

Barua hiyo niliishika kwa ncha za vidole kama unavyoshika panya aliyekufa.

Happyness


Rosettenville, Johannesburg
1 Novemba 1998

Mdogo wangu Happyness,

Nisamehe. Nilikuandikia nikiwa bado na ladha ya matapishi mdomoni. Ulimvika, najua. Sijasahau, ila sijapata kukwambia asante kwa sababu nikifungua mdomo juu ya siku ile siwezi kuufunga.

Utaona anwani ni nyingine. Mimi na Nomsa tumehamia kwa Agnès, mama wa Bukavu anayesuka nywele, ana vyumba viwili nyuma ya duka la Mreno. Hakuniuliza kitu. Alituwekea ugali na sombe, ndicho kisamvu chetu, akasema, "Kula kwanza, ma chère, kulia utalia na tumbo lenye nguvu." Nikala. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nzima chakula kukaa tumboni.

Kabla ya kuhama nilizungumza na Ezekieli. Nilitaka kusikia kutoka kwake. Alikuwa amekaa kitandani na soksi mkononi.

"Watu walilia, Hedwiga," akasema. "Kuna ubaya gani? Kwa nini wafu wa wenzangu wakumbukwe, wangu asikumbukwe?"

"Umesema madoa ni machozi. Nilikwambia yalivyo. Nilikwambia nilikuwa nacheka."

"Eish, nani atanunua kitambaa cha mtu anayecheka?"

Nikaanza kukunja nguo za Nomsa. Ndipo akasema jambo jingine, na sauti haikuwa ile ya ukumbini. Alisema, "Mimi sikumzika. Nilirudi nikakuta mmeshafua nguo zake. Hukutaka nimtaje. Wewe na mdogo wako mlikuwa na kaburi, mimi nilikuwa na nini? Siku ile pale mbele ya watu ndiyo mara ya kwanza nimelitamka jina lake kwa sauti."

Nilimwonea huruma, Happyness. Nakwambia ukweli. Na niliona ni kweli kwamba sikumpa nafasi. Nilitaka kumshika bega. Mkono ulifika karibu na shati lake, nikasikia yale mafuta ya nywele anayopaka siku hizi, yenye harufu ya peremende, nikaurudisha. Kumhurumia namhurumia. Kumgusa siwezi. Sijui kama kuna padre anaweza kunieleza hilo.

Kitambaa nimekitia pipani. Bi Kazuko hakunizuia, aliniuliza tu kama nimeamua, kisha akalamba kidole, akaniambia pipa lina nguvu. Nilikizamisha bila kufunga kitu. Nikakitoa, hewa ikakigeuza, nikakizamisha tena. Madoa yaligeuka kwanza rangi ya mbingu, kisha ya mgongo wa samaki, kisha nikawa nayajua tu kwa kupapasa. Tulifanya hivyo siku kadhaa. Sasa ni cheusi chenye buluu ndani yake, kizima, hakina kitu cha kumwonyesha mtu.

Wiki iliyofuata yule mama wa manukato alikuja bandani, yule aliyekinunua. Mwenye ukumbi alimwelekeza. Akasimama mlangoni, akasema amekuja kuchukua machozi yake. Alisema hivyo, machozi yake.

Nikamwonyesha kitambaa. Akauliza yako wapi madoa.

"Hayapo."

Akakitazama. Nilidhani atakasirika, na ningempenda kidogo kama angekasirika. Lakini macho yakaanza kumjaa. Akasema, "Mama aliyefuta machozi yake mwenyewe. Hiki kina nguvu zaidi." Akataka kukichukua. Alikuwa ameshaanza kutunga kibao kingine pale pale, niliyaona maneno yakipita usoni mwake.

Nilihisi uchafu mpaka kwenye mizizi ya nywele. Watu hawa wanaweza kula kitu chochote. Ukiwanyima chozi wanakula ukavu wa jicho.

Nikakitoa mkononi mwake, nikakitandaza juu ya pipa la pembeni, lile lililochacha kupita kiasi tulilokuwa tukitaka kulimwaga, na mti wa kukorogea nikaupitisha chini yake nikakoroga. Uvundo ulipanda wote kwa pamoja. Aliziba pua kwa kiganja, akarudi nyuma, akajikwaa kwenye ndoo. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, "Hapa ndipo kilipotoka. Karibu ndani." Hakuingia. Mwenye ukumbi atamalizana naye mwenyewe.

Bi Kazuko alikuwa amekaa na sindano yake. Nilimsikia anacheka, sijawahi kumsikia kabla.

Usimtumie Ezekieli picha.

Dada yako,
Hedwiga


Morogoro
19 Januari 1999

Dada yangu Hedwiga,

Nilikuwa sijamtumia, na sikuwa na nia. Lakini hakungoja. Kabla ya Mwaka Mpya aliniandikia kwamba mpiga picha atakuja mwenyewe kutoka Dar es Salaam, ameshalipwa na wenye maonyesho, nimpeleke tu Kola. Baba Mdogo naye aliandikiwa, akafua kanzu apigwe picha pembeni ya maandishi yake. Bahati nzuri miguu ilivimba, hakuweza kutembea siku hiyo.

Mimi nilitangulia siku moja kabla, asubuhi, na jembe. Usikasirike mpaka umalize. Niliusukuma ule msalaba kwa mkono mmoja tu ukatoka, chini mchwa walikuwa wamebakiza ganda. Udongo uliokuwa umeinuka niliusawazisha. Nikachimbua ukoka kando ya njia, nikaupanda wote juu yake, nikamwagilia. Nilizungumza naye wakati nafanya kazi. Nilimwambia ninachofanya na kwa nini. Msalaba niliuleta nyumbani umefungwa kwenye kanga, uko uvunguni mwa kitanda changu. Usiku wa kwanza niliogopa, sasa siogopi.

Mpiga picha alikuja, mtu wa makamo, mpole, anaitwa Mwadini. Mizigo ya kamera imemkata mabega. Nilitaka awe mtu mbaya, hakuwa. Tulitembea makaburi yote. Mvua ilikuwa imenyesha, nyasi zimefika magotini, tukapita huku tukarudi kule. Kila msalaba wa mbao aliinama akasoma, akaniuliza, "Huyu?" Nikasema siye.

Mwishowe tukasimama, akafuta jasho. Akasema, "Dada, wewe ndiye uliyepeleka picha ya kwanza. Huwezi kuwa umepasahau."

Nikamwambia mvua zimesomba.

Akanitazama miguuni. Nilikuwa nimesimama pembeni kabisa mwa ule ukoka, na ukoka wa kupandwa jana unajulikana, Dada, haujashika, pembe zimejikunja. Aliuona. Najua aliuona kwa sababu alirudi nyuma hatua moja, asiukanyage.

Akauliza, "Ni mtoto wa nani?"

Nikasema, "Wa dada yangu."

Akafunga kamera kwenye mfuko wake. Alipiga picha moja tu, ya mlima, akasema hiyo ni ya kwake. Tulipofika barabarani akaniambia ataandika kwamba kaburi halikuonekana. Nikampa maji ya kunywa, akaenda zake.

Sijui kama nimefanya dhambi. Kama nimefanya, uniandikie, nitamwambia padre.

Mdogo wako,
Happyness


Rosettenville
21 Februari 1999

Happyness,

Usimwambie padre chochote.

Nimeisoma barua yako kwa sauti, kwa Kiswahili, Nomsa amekaa sakafuni anapiga pasi sare yake. Nilimsimulia na yale ya nyuma, homa, na wewe ulivyomvika. Alisikiliza yote. Akaniuliza kaka yake alikuwa anapenda kula nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia ndizi za kupondwa, na mchanga.

Ezekieli anakuja kila Jumapili kumwona mtoto. Anakaa kwenye ngazi, mimi nakaa dirishani. Jumapili iliyopita alisema maonyesho yamekwenda Ulaya bila sisi. Alionekana mzee. Nilimpa chai, na kikombe alichonywea nimekiacha nje mpaka leo. Labda nitakiosha.

Desemba tunakuja, mimi na Nomsa. Bi Kazuko ameniruhusu. Tukifika Kola usinitangulie na usinionyeshe kwa kidole. Nyie bakini njiani. Mimi nitapaona.

Dada yako,
Hedwiga